Dhahabu ya Tun Shein Kifuani pa Sanamu

Msomaji, unanichosha. Kila nikigusa habari za pagoda, yale mahekalu ya Buddha ya Mandalay, maswali yako ni yale yale: jua linakaa vizuri kwa picha saa ngapi, viatu naacha wapi, na eti ni kweli mwanaume anaruhusiwa kupanda mpaka kwenye Sanamu Kuu ya Buddha na kuibandika dhahabu kwa mkono wake? Ni kweli. Mwanaume yeyote. Hata wewe uliyeshuka kwenye basi sasa hivi na chingamu mdomoni. Lakini sijaona hata mmoja wenu akiuliza ile dhahabu imetoka mikononi mwa nani. Basi leo tulia. Picha utapiga baadaye.

Kuna mama anaitwa Daw Ohn Yin. Daw ndiyo Bi ya huku. Amekata dhahabu tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, katika mtaa wa wapiga dhahabu, kwenye karakana ambayo wanaume wako uani na wanawake wako ndani. Wanaume kazi yao nyundo. Wanaponda kipande cha dhahabu kilichofungwa katikati ya karatasi za mwanzi, wanaponda mpaka kinakuwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Saa yao ni kifuu cha nazi chenye tundu, kinaelea kwenye beseni la maji. Kikijaa kikizama, ndipo mtu anaweka nyundo chini na kuvuta pumzi. Wanawake ndio wanaipokea ile dhahabu, wanaikata vipande vya mraba, wanaipanga kwenye karatasi, wanafunga pakiti.

Chumba chao hakina dirisha. Feni hakuna, maana upepo kidogo tu na dhahabu imeruka. Ukifungua mlango bila hodi utatukanwa wewe na ukoo wako. Ukitaka kupiga chafya, toka nje. Mwezi wa nne, Mandalay inapochemka hadi mbwa wanakataa kubweka, wale mama wamekaa mle ndani, unga wa kulainisha vidoleni, jasho likitiririka mgongoni, hawathubutu hata kujipepea.

Sasa sikiliza. Dhahabu hiyo hiyo ikifika pagoda, mwanamke haruhusiwi kuibandika. Kuna reli ya kuzuia watu, kuna kibao, kuna walinzi waliovaa mikanda ya hariri begani. Wanaume wanapanda, wanawake wanakaa chini kwenye zulia na kutazama skrini. Ndiyo, skrini, ile ya ukutani, kama watu wanaotazama mpira.

Daw Ohn Yin hakuwa na ugomvi na jambo hilo. Ndivyo alivyolikuta, ndivyo mama yake alivyolikuta. Na yeye alikuwa na mtu wake wa kupanda.

Mtu huyo aliitwa Tun Shein. Alikuwa mpiga nyundo wa uani, na Daw Ohn Yin alijua mlio wa nyundo yake kabla hajaijua sura yake. Wengine walikuwa wanaponda tu, yule alikuwa anaponda kama anabembeleza. Siku walipochumbiana, wasichana wa chumbani walimcheka.

"We Ohn Yin, umempenda mtu au umependa kelele?"

"Kelele zake zina adabu kuliko waume zenu," akajibu, na chumba kizima kikacheka hadi kipande kimoja cha dhahabu kikaruka kikagandia kwenye ukuta. Msimamizi akawaita mashetani.

Walioana, wakapata mtoto mmoja wa kike, Sabei. Kila mwezi mpevu Tun Shein alikwenda pagoda. Alikuwa na tabia moja ambayo wanawake wa mtaa ule hawataisahau. Wajane na wasio na wanaume walikuwa wanampa vipakiti vyao awapandishie, naye hakumkatalia mtu. Akifika juu, kabla hajabandika, anageuka kwanza, anaikabili kamera, na analitaja jina polepole kwa mdomo mpana, ili mama aliyekaa kule chini kwenye zulia aone kwa macho yake kwamba jina la marehemu wake limetajwa. Skrini haina sauti. Lakini midomo unaisoma.

Kwa sababu hapa jina ndiyo kazi yenyewe. Unapotoa kwa niaba ya marehemu, unamwita kwa jina, aje apokee thawabu yake. Usipomwita, atajuaje kuna kitu chake?

Nyundo ilimmaliza Tun Shein kifua. Mwaka wake wa mwisho alikuwa anaponda kidogo, anakohoa sana, kifuu kinazama naye hajafika popote. Siku moja Daw Ohn Yin akavua hereni zake za harusi akamwekea kwenye kiganja.

"Za nini?"

"Ponda."

"Umerukwa na akili, mama Sabei?"

"Ponda. Pakiti hii haitauzwa. Hii ni yetu."

Aliiponda kwa wiki nyingi, baada ya kazi, akipumzika kila mara. Haikutoka nzuri. Upande wa kushoto ilikuwa nene kidogo, mkono ulishachoka. Daw Ohn Yin aliikata mwenyewe, akaipanga, akaifunga. Tun Shein akasema, "Nikiondoka, ibandikwe kifuani pa Sanamu Kuu. Na nitajwe. Nimetaja watu wengi mimi." Akafa masika yalipoanza.

Pakiti ikawekwa kwenye rafu ya Buddha ya nyumbani, kusubiri mwaka. Desturi inasema mwaka ukitimia watawa waje nyumbani wale, maji ya kumpelekea marehemu thawabu yamiminwe. Daw Ohn Yin alitaka dhahabu ibandikwe siku moja kabla, ili watawa wakija aweze kusema mbele yao: hiki na hiki vimetolewa kwa jina la Tun Shein. Tatizo likawa moja tu. Nani apande?

Sabei, binti, ana duka la kutengeneza simu na mdomo usio na breki. Akamwambia, "Mama, si twende kwenye ile pagoda ya mferejini? Ni ya zamani kama ile kubwa, ina Buddha wake mzuri, na hakuna reli. Unabandika mwenyewe. Kwa mkono wako, mama. Hereni zako, umekata wewe, unabandika wewe."

"Baba yako alisema Sanamu Kuu."

"Baba alisema atajwe. Mferejini utamtaja hadi koo likauke, hakuna wa kukuzuia."

"Sabei, baba yako amepondea Sanamu Kuu maisha yake yote. Nimpeleke mferejini kama mtu aliyekosa mahali?"

"Na kule juu nani atampeleka? Mimi? Nifuge masharubu?"

"Ba'mkubwa wako yupo."

Sabei akasonya, akarudi kwenye simu zake.

Ba'mkubwa huyo ni U Pe Maung, kaka wa marehemu. U ndiyo Bwana ya huku. Ni mtu wa pagoda. Amestaafu, anajitolea pale, mkanda wa hariri begani, nywele zimechanwa kwa maji. Mtu mbaya siyo. Ana ugonjwa wa kupenda wakubwa, basi. Gari lenye vioo vyeusi likiingia uwanjani, mgongo wake unainama wenyewe. Shemeji yake alipokwenda kumwomba alikuwa anatafuna tambuu kibarazani.

"Shemeji, hilo nalo ni la kuomba? Damu yangu ile! Lete."

"Kifuani, shemeji. Si gotini."

"Kifuani."

"Na umtaje. Ugeuke kwenye kamera nione."

"Nitageuka kama mcheza ngoma," akasema, akatema tambuu, akacheka. "Wewe kaa mbele ya skrini, vaa vizuri, maana Tun Shein naye atakuwa anakuangalia."

Siku ilipofika Daw Ohn Yin alivaa vizuri. Kikoi cha hariri cha rangi ya zambarau, tanaka, ule urembo wa gome la mti lililosagwa, mashavuni, maua ya yasmini kwenye kisogo. Pakiti aliibeba mwenyewe mikono miwili mpaka kwenye reli. U Pe Maung akaipokea kwa heshima zote, mikono miwili naye, akaigusisha paji la uso. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Daw Ohn Yin na Sabei wakakaa kwenye zulia. Kwenye skrini wanaume walikuwa wamejazana kuizunguka sanamu, ambayo kwa miaka na miaka ya kubandikwa imevimba mwili mzima, ina mabonge kama shina la mti wa kale, uso peke yake ndio uliobaki laini. Wakasubiri. U Pe Maung alionekana upande wa kushoto, akisubiri zamu, pakiti imeshikwa kifuani.

Hapo pakawa na vurugu mlangoni. Wakaingia watu wenye simu juu, wapiga picha, na katikati yao mzee mmoja mnene wa mashati ya gharama. Mkandarasi wa majumba kutoka mji mkuu. Jina lake silitaji. Limetajwa vya kutosha siku hiyo. Mke wake akaachwa kwenye reli kama wanawake wengine, akaja kukaa kwenye zulia kando ya Daw Ohn Yin. Akatabasamu. Ana adabu, tumpe haki yake.

"Mume wangu huyo," akasema.

"Nimeona."

"Amekuja ghafla tu, hata dhahabu hatukununua, foleni ya dukani ilikuwa ndefu. Lakini wenyeji wa hapa ni wakarimu sana."

Daw Ohn Yin hakuelewa. Alielewa alipotazama skrini.

U Pe Maung alikuwa ameinama. Si mbele ya Buddha. Alikuwa ameinama mbele ya mkandarasi, mikono miwili, na kwenye ile mikono ilikuwapo pakiti. Mkandarasi akaichukua bila kuitazama, kama mtu anavyopokea leso. Wapiga picha wakasogea.

"Mama," Sabei akasema. "Mama, ile si yetu?"

Mama akakaza macho.

"Mama! Ba'mkubwa amempa yule mtu dhahabu ya baba!"

"Nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Watu wanasali. Nyamaza."

Kwenye skrini mkandarasi alikuwa anahangaika. Hajui. Kipande cha kwanza akakikunja, kikashika nusu. Cha pili kikamgandia kidoleni. Akakitikisa, hakitoki, akaangalia huku na huku, halafu akakifuta kwenye kikoi chake. Kipande cha hereni za Daw Ohn Yin, na kifua cha Tun Shein, kikafutwa kwenye paja la mtu kama mafuta ya maandazi. Vingine akavibandika gotini, maana tumbo lilimzuia kunyoosha mkono hadi kifuani. Akageukia kamera akacheka. Ya wapiga picha wake, si ile ya skrini.

U Pe Maung hakugeuka kabisa. Alikuwa anashika mkoba wa mkubwa.

"Huyo aliyempa dhahabu mnamfahamu?" mke wa mkandarasi akauliza. "Ni mwema sana."

"Ni shemeji yangu."

"Oo! Basi mna bahati. Mume wangu huwa hasahau mtu."

Hapo ndipo spika za ukumbi zikakoroma. Wakatangaza jina la mkandarasi, na kampuni yake, na cheo chake, kwamba leo ametoa dhahabu kwa Sanamu Kuu, na kwamba wote waliopo washiriki thawabu hiyo. Na hapa lazima nikueleze jambo moja. Thawabu ya mtu ikitangazwa, watu wanaitikia *thadu* mara tatu, kama nyinyi mnavyoitikia amina. Anayeitikia kwa moyo mweupe anapata fungu lake. Anayenuna hapati kitu. Na watawa wamemfundisha Daw Ohn Yin tangu utotoni: anayetoa, moyo wake uwe umepoa kabla ya kutoa, wakati wa kutoa, na baada ya kutoa. Ukiwaka hasira katikati, umeunguza zawadi yako mwenyewe.

Umeona mtego? Dhahabu ni yake. Jina lililotajwa ni la mtu mwingine. Na sasa, ili mumewe apate hata chembe, anatakiwa amfurahie yule mtu, apaze sauti, aseme vyema, vyema, vyema. Akikasirika, anayeumia si mkandarasi wala U Pe Maung. Ni Tun Shein, aliyekufa akikohoa, anayesubiri kuitwa.

Ukumbi mzima ukaitika. *Thadu!* Mke wa mkandarasi akaitika kwa sauti nyembamba nzuri. *Thadu!* Daw Ohn Yin akafungua mdomo. Sabei alimwona. Alikunja mikono, akainamisha kichwa, midomo ikatikisika. *Thadu!* ya tatu ikapita.

Haikutoka. Alijaribu, wallahi alijaribu, ulimi ukakataa.

Nje, kwenye ngazi, wakitafuta ndala zao, U Pe Maung akawafuata akihema, uso umejaa nuru.

"Mmeona? Mmeona? Dhahabu ya Tun Shein imebandikwa na mkono wa nani! Jamani, kuna watu wanaomba miaka mtu kama yule hata awasalimie!"

"Ulimtaja?" akauliza Daw Ohn Yin.

"Nani?"

"Mdogo wako."

"Shemeji, kulikuwa na watu, kelele, wale wa kamera wananisukuma..."

"Ulimtaja au hukumtaja?"

"Kwani Buddha anasoma majina? Dhahabu imebandikwa au haikubandikwa? Imebandikwa! Halafu fikiria na sisi tulio hai. Mwanangu anatafuta kazi mwaka wa pili huu. Mzee ameniuliza jina langu, shemeji. Jina langu!"

"Basi moja limetajwa," Sabei akasema.

"Mfundishe huyu mtoto adabu."

"Gotini, ba'mkubwa. Mmembandika baba gotini. Na kingine kiko kwenye kikoi cha yule bwana, kakimbilie kabla hakijafuliwa."

Daw Ohn Yin alivaa ndala zake akaondoka. Walipofika kwenye daraja la mfereji, pagoda ndogo ikaonekana upande wa pili, milango wazi, mwanamke mmoja ndani amechutama mbele ya Buddha na kidole chake kinabandika kitu taratibu. Sabei akafungua mdomo aseme. Akamtazama mama yake. Akaufunga. Mara ya kwanza katika maisha yake ninavyojua mimi.

Watawa walikuja asubuhi, kama ilivyopangwa. Wali, mchuzi wa kuku, samaki, maembe. U Pe Maung naye alikuja, amevaa vizuri, akakaa mbele kama kaka wa marehemu anavyostahili. Watawa walipomaliza kula, Daw Ohn Yin akapiga magoti na birika dogo, akaanza kumimina maji tone kwa tone kwenye bakuli, mtawa mkuu akimwongoza. Akataja alivyovitoa. Chakula hiki, kwa jina la Tun Shein. Makanzu haya, kwa jina la Tun Shein. Mishumaa, miavuli, sabuni. Kwa jina la Tun Shein. Akanyamaza. Maji yakaendelea kudondoka.

U Pe Maung akakohoa. Kisha akanong'ona, ule mnong'ono unaosikika hadi jikoni:

"Na dhahabu, shemeji. Umesahau dhahabu."

Daw Ohn Yin hakugeuka.

"Dhahabu si yetu, shemeji," akasema. "Ina mwenyewe. Ulisikia spika."

Mtawa mkuu, mzee wa watu, aliitazama mikono ya huyu mama, akalitazama bakuli. Angeweza kusema neno. Angeweza kumwambia taja tu, binti, Buddha anajua. Hakusema. Alisubiri maji yaishe, akaanza kusoma, na wote wakaitika *thadu*, U Pe Maung kuliko wote.

Usiku ule Daw Ohn Yin hakula. Sabei alipomuuliza anawaza nini, alisema kitu kimoja ambacho ndicho kilichonifanya niandike haya. Hakumtaja mkandarasi wala shemeji yake. Alisema, "Ningeitikia tu. Neno moja lile. Baba yako angepata chake. Nimemnyima kwa sababu ya moyo wangu mbaya."

Anajilaumu yeye. Mimi naandika hapa meno yamenikaza, na yeye anajilaumu yeye. Bado anaenda kazini, kwenye chumba kisicho na dirisha. Anakata. Anafunga. Pakiti zinakwenda pagoda.

Sasa wewe unayekuja. Najua utakuja, na kama ni mwanaume utapanda, siwezi kukuzuia, mimi mwenyewe nimepanda. Ila kabla hujavuka ile reli, nakuomba, tazama nyuma kwenye zulia. Muulize mama wa kwanza atakayekutazama: una jina la mtu nikupandishie? Atakupa. Panda nalo, geukia kamera, litamke polepole kwa mdomo mpana. Ndipo ubandike.